Kinu cha Green, Sneinton: nilifuata unga, nikamkuta Green mwenyewe

Unga ndio ulionipeleka. Jirani yangu hapa Nottingham, mama mmoja mtu mzima, alinigawia vikombe viwili vya unga wa ngano isiyokobolewa, nikausukumia chapati. Zikatoka na rangi ya udongo na kautamu ka mbali kama ka karanga. Mpwa wangu wa miaka 9, ambaye chapati za namna hiyo huziita "za wagonjwa", alikula tatu. Nilipogonga mlango wa jirani kuuliza unga kanunua wapi, akanionyesha mfuko. Jina nikalisoma mara mbili: Green's Mill.

Mimi nilisoma hisabati chuoni. Mtihani wa mwaka wa pili ulikuwa na swali la theoremu (kanuni iliyothibitishwa) ya mwanahisabati George Green, nikaliruka, na alama 20 zikaenda na maji. Miaka yote hiyo Green kwangu alikuwa jina la ubaoni tu, mtu wa kunitia joto. Kumbe jamaa alikuwa msaga unga, na kinu chake kiko dakika kama 25 kwa miguu kutoka stesheni ya treni ninayopita kila siku.

Basi Jumamosi moja nikamshika mpwa wangu mkono, tukapanda kilima cha Belvoir. Mtaa unaitwa Sneinton, ila ukiitamka hiyo "i" wenyeji watajua wewe ni mgeni. Wao husema Snenton. Kinu hukipotezi: mnara wa matofali umesimama juu ya nyumba zote, kofia nyeupe kichwani, mabawa manne. Kiingilio ni bure, lipo sanduku la michango. Kwa nchi hii ambayo hata choo cha stesheni kimewahi kunidai sarafu, hilo peke yake ni nyota moja.

Tahadhari ni kuhusu ngazi. Ni nyembamba na zimesimama wima, ni za kinu kweli, si za makumbusho. Nilivaa viatu vya kisigino na kubeba mkoba mkubwa. Mkoba ukakwama kati ya ghorofa mbili, watu wakasubiri nyuma yangu kwa adabu ile ya Kiingereza inayouma kuliko matusi. Vaeni raba. Mwenye magoti mabovu abaki chini, ambako pia kuna mambo.

Lakini ukiweza kupanda, panda, kwa sababu utamu wa mahali hapa ni kufuata punje safari yake. Magunia huvutwa kwa mnyororo hadi juu kabisa, na toka hapo uzito wa ngano wenyewe ndio unaofanya kazi. Inashuka kwenye mawe mawili yaliyolaliana. La chini halisogei, la juu linazunguka, na mifereji iliyochongwa juu yao inakata punje na kuusukuma unga kutoka katikati kwenda ukingoni. Kisha unga unateremka kwa bomba la mbao hadi ghorofa ya chini yake, mfukoni. Mzee aliyekuwa akituelezea aliniwekea kidogo kwenye kiganja, akaniambia niusugue kwa kidole gumba. Ndivyo wasagaji walivyopima, akasema: ukihisi chenga nyingi, mawe yako mbali, ukihisi unga una joto, yamekaribiana mno.

Siku yetu upepo haukuwapo. Mabawa yalitulia kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Mzee akacheka, akasema hiyo ndiyo ajira yenyewe: msagaji halali upepo ukivuma, na upepo ukikata anakaa. Hapo ndipo nilipomwelewa Green kuliko nilivyomwelewa chuoni.

Maana angalieni hesabu ya maisha yake. Alizaliwa 1793, mtoto wa mwoka mikate wa Nottingham. Shule aliiona tangu 1801 hadi 1802 tu, kisha akarudi kwenye tanuri la baba. Mwaka 1807 baba akajenga kinu hiki, kijana akapewa kazi ya kusaga. Mwaka 1823 akajiunga na maktaba ya wanachama mjini, ile iliyoko Bromley House hadi leo, na miaka 5 baadaye akatoa kijitabu kuhusu umeme na sumaku kilichokuwa mbele ya karibu kila mtu Uingereza. Wanahisabati wa Kifaransa, akina Laplace na Poisson, ndio aliowafuata, wakati nchi yake ilikuwa bado inang'ang'ania namna ya Newton ya kuandika hisabati kama urithi wa ukoo. Kwenye dibaji anaomba asihukumiwe vikali, kwa kuwa elimu yake ameiokoteza kwenye mapengo ya kazi nyingine. Mapengo hayo, naamini mimi, ni siku zisizo na upepo.

Kijitabu kiliuzwa kwa walioagiza mapema, shilingi 7 na peni 6, wanunuzi hamsini na kitu, na sidhani wengi wao walivuka kurasa za mwanzo. Mmoja aliyevuka ni Sir Edward Bromhead, bwana mwenye mashamba huko Lincolnshire, akaandika kujitolea kumsaidia. Green akakaa na barua ile karibu miaka miwili bila kujibu kwa sababu aliambiwa ni ya adabu tu, isichukuliwe kwa uzito. Hapo niliguna kwa sauti hadi mpwa wangu akanigeukia.

"Mama mdogo, kwani huyu babu alikuwa anasaga au anasoma?"

"Vyote."

"Picha yake iko wapi?"

Hakuna. Hakuna picha wala mchoro wake hata mmoja unaojulikana. Mtoto alikataa kuamini, akazunguka chumba chote kutafuta sura, mwisho akaridhika na mawe.

Baba alipofariki 1829, Green alirithi kinu. Mwaka 1833 akaachana na kazi ya kusaga, akaenda Cambridge, chuo cha Gonville and Caius, akiwa na miaka 40 kati ya vijana ambao angeweza kuwazaa. Alimaliza 1837 akiwa wa 4 katika mtihani mkuu wa hisabati, akaandika kuhusu sauti, mwanga na mawimbi ya maji kwenye mifereji, na 1839 akapewa ufelo, yaani uanachama wa heshima wa wasomi wa chuo. Ufelo ulimtaka mtu asiwe na mke. Kwa karatasi hakuwa naye. Ila nyumbani Sneinton alikuwepo Jane Smith, binti wa msimamizi wa kinu, na watoto wao 7. Watu husimulia jambo hili kama kichekesho. Mimi namfikiria Jane, mwenye watoto 7 chini ya kilima, huku mwenzake akihesabiwa kapera.

Chini kuna vifaa vya kuchezea vya sumaku, umeme na mwanga, watoto wanaruhusiwa kushika. Mpwa wangu aligoma kutoka. Mimi nilikuwa na deni langu la alama 20, nikajaribu kumlipa yeye. Nilimwambia: chukua kitambaa, kikaze vizuri, weka punje moja ya ngano. Kitambaa kinabonyea kidogo, si pale tu ilipo punje, bali na pembeni, na mbonyeo unapungua kadiri unavyokwenda mbali. Ukijua umbo la mbonyeo wa punje moja, kila mahali unapoweza kuiweka, basi umejua mbonyeo wa kilo nzima, vyovyote utakavyoimwaga: ni kujumlisha tu. Umbo hilo la punje moja ndilo wanahisabati wanaliita fanksheni ya Green, na wanafizikia wa karne ya 20 wameishi nalo mpaka ndani ya chembe za atomu. Mpwa wangu akauliza kama punje ni kubwa inakuwaje. Swali zuri kuliko lolote nililowahi kuuliza darasani.

Na ile theoremu niliyoikimbia mtihanini? Green hakuiandika hivyo tulivyofundishwa. Umbo lile la kitabuni lilichapishwa na Mfaransa Cauchy 1846. Green alikuwa ameshakufa, Mei 31, 1841, akiwa amerudi Sneinton mgonjwa. Kijitabu chenyewe kilifufuliwa 1845, pale William Thomson, kijana wa miaka 20 aliyekuja kuwa Lord Kelvin, mwanafizikia maarufu, alipopata nakala mkononi mwa mwalimu wake Cambridge, akaibeba hadi Paris. Leo jina la Green liko sakafuni mwa kanisa la Westminster Abbey, London, tangu 1993. Kinu chenyewe kiliungua 1947 kikabaki gofu, kikaokolewa, kikafunguliwa tena 1985.

Duka ni dogo, lipo hapo hapo. Nilichukua mifuko miwili. Unga huu unakunywa maji kuliko wa dukani: ongeza kidogo, acha donge lipumzike nusu saa, la sivyo chapati itapasuka pembeni. Kwa mkate wa kuumuka nauchanganya nusu kwa nusu na mweupe. Usiuweke miezi, kiini cha ngano kimo na mafuta yake, utachacha. Chai tuliipata mkahawa mmoja mteremkoni, si wao. Ilikuwa ya uvuguvugu na sitautaja. Kaburi la Green liko uwanja wa kanisa la St Stephen, hatua chache tu, pitieni mkishuka.

Nyota tano kwa kinu, tano kwa unga, nne kwa ngazi kwa sababu ya mkoba wangu. Mzee alituambia turudi siku ya upepo, tuone mabawa yakizunguka. Tangu hapo nikitoka zamu ya usiku naangalia kwanza miti ya barabarani. Jumamosi iliyopita matawi yalikuwa yanayumba vizuri kabisa, na mimi ndiyo kwanza naingia zamu.