Muizenberg, Cape Town: nilivyojifunza kuteleza juu ya mawimbi

Tuanze na hela, maana ndilo swali nililoulizwa na kila mtu niliporudi Dar. Somo la kundi pale Muizenberg, la muda wa saa mbili hivi, ubao na suti ya mpira vikiwa ndani ya bei, nililipa randi mia nne na ushee. Kwa hela yetu ni kama elfu sitini, kutegemea randi imeamkaje siku hiyo. Ukitaka mwalimu wa peke yako, bei inapanda karibu mara mbili. Ukikodi vifaa tu bila mwalimu, unalipa nusu ya bei ya somo au pungufu. Msimamo wangu ni huu: somo la kwanza lipia, tena usibanebane. Yanayofuata, hasa zile pakeji za wiki nzima wanazokubembeleza nazo pale mapokezini, zisubiri kwanza.

Wengine wameniuliza kwa nini niende mpaka Afrika Kusini na bahari ninayo. Bahari tunayo, mawimbi ya kujifunzia ndiyo shida. Sehemu kubwa ya pwani yetu, kama Diani au mashariki ya Unguja, imekingwa na miamba ya matumbawe. Wimbi linavunjikia huko nje kwenye mwamba, huku ndani linafika limeshakwisha nguvu. Ndiyo maana Paje imepata jina kwa kaiti, mchezo wa kuvutwa na tiara kubwa ukiwa juu ya ubao, unaotaka upepo na maji yaliyotulia. Nje ya mwamba mawimbi yapo, wakati wa kusi hasa, ila chini yake ni matumbawe, na mtu ambaye bado hajajua kuanguka hana kazi ya kufanya huko. Muizenberg chini ni mchanga mtupu. Ufuo una mteremko mdogo, ghuba yenyewe, False Bay, imefunguka upande wa kusini, basi mawimbi yanaingia, yanavunjikia mbali, halafu yanakuja taratibu na povu refu linalokusukuma mpaka karibu na nchi kavu. Unasimama maji yako kiunoni na bado una nafasi ya kutosha mbele yako. Na wale mliozoea bamvua letu, ambapo maji yanapwa mpaka unaona bahari imehama, huko hayapwi hivyo. Saa yoyote maji yapo.

Safari haina mengi. Mtanzania haombi viza kwa matembezi, na Wakenya nao wameondolewa viza tangu Januari 2023. Kutoka katikati ya Cape Town mpaka Muizenberg ni kama kilomita 25. Kuna treni ya mjini inayopita hapohapo ufukweni, lakini sisi tulikuwa wawili, mimi na shoga yangu, tukachukua teksi za kuita kwa simu.

Sasa baridi. Hapa niseme kwa herufi kubwa, maana matangazo yote yanaonyesha jua na vile vibanda vya mbao vya rangi rangi. Maji ya False Bay ni afadhali kuliko ya upande wa pili wa mlima, Clifton na Camps Bay, ambako bahari ya Atlantiki inagandisha mifupa hata Januari. Lakini hiyo afadhali ni ya wenyeji. Wakati wa kiangazi chao maji hufika nyuzi joto 20 hivi, wakati wa baridi hushuka mpaka 15 au chini kidogo. Sisi tumezoea bahari ya 25 na kuendelea. Bila suti ya mpira hukai.

Na suti yenyewe ni mtihani wa kwanza. Nilipewa ikiwa bado mbichi, ametoka kuivua mwenzangu ambaye simjui, ina ubaridi na harufu ya mpira na chumvi. Inavaliwa zipu ikiwa mgongoni. Kwenye mashavu ya miguu ikapanda, kwenye magoti ikapanda, ikafika kwenye nyonga ikagoma. Dada zangu wenye nyonga mnanielewa. Shoga yangu akashika huku, dada wa dukani akashika kule, mimi naruka ruka katikati, jasho linanitoka kabla sijaiona bahari. Siri niliyopewa na yule dada: vaa mfuko wa plastiki mguuni kwanza, suti itateleza yenyewe, kisha ivute kidogo kidogo kuanzia chini, usikimbilie mabega. Na usione haya kuomba saizi kubwa zaidi. Ikikubana kifuani huwezi kupiga mikono majini.

Mwalimu wetu wa siku ya kwanza alikuwa kijana mpole, wanafunzi tulikuwa wachache, na hapo ndipo hela yangu ilipofanya kazi. Alitulaza kwanza juu ya mbao mchangani. Ubao wa wanaoanza ni mrefu, zaidi ya futi nane, umefunikwa sponji juu, ukikupiga haukuvunji. Kamba inafungwa kwenye mguu wa nyuma. Ili ajue mguu wangu wa nyuma ni upi, alinisukuma ghafla kutokea mgongoni; mguu uliowahi mbele kunizuia nisianguke ndio wa mbele. Alisisitiza mambo machache akayarudia mpaka tukachoka. Usilale mbele sana, pua ya ubao itazama na wewe utapinduka. Usilale nyuma sana, wimbi litapita chini yako likuache. Ukiwa umeshuka, usiuweke ubao kati yako na wimbi, utakuja nao usoni. Ukianguka, anguka bapa, usipige mbizi, na kichwa ukikinge kwa mikono unapoibuka.

Majini, kusimama kwenyewe kunachukua sekunde moja na kunakusumbua siku nzima. Wimbi lililokwisha kuvunjika linakufikia kwa nyuma, unasikia mkia wa ubao unanyanyuka, mwalimu anapiga kelele, unaweka viganja chini ya mbavu, unasukuma, unaleta miguu yote kwa mpigo. Mimi nilikuwa natanguliza goti. Ukitanguliza goti umekwisha, ubao unayumba na huwezi tena kutoka hapo. Kijana akaniambia niache kutazama miguu, nitazame mlima. Sikumwamini, ila nilifanya. Wimbi lililofuata nikanyanyua macho kwenye mlima uliosimama nyuma ya zile nyumba za ufukweni, nikajikuta nimesimama, magoti yamekunjwa, mikono imetanuka, ufuo unakuja. Nilipiga kelele ambayo shoga yangu anasema ilisikika mpaka kwenye maegesho ya magari. Sina lugha ya kueleza zaidi. Ile sekunde unapogundua kuwa hujaanguka ndiyo uliyolipia.

Malalamiko yangu ni ya somo jingine, kwenye shule nyingine ambayo jina nalimeza. Ilikuwa Jumamosi. Tulipangwa kundi kubwa na mwalimu mmoja, akatuonyesha mchangani haraka haraka, tukaingia majini na yeye akabaki kwenye maji ya magoti akisukuma ubao wa aliye karibu naye. Wengine tulijisukuma wenyewe. Wanafunzi tulikuwa tunagongana. Kwa hali hiyo ningekodi ubao tu nikafanya yale yale kwa nusu ya bei, na ndivyo nilivyofanya siku zilizofuata, nikiwa nimebeba kichwani maneno ya yule kijana wa mwanzo. Kwa hiyo kabla hujalipa uliza swali moja: mwalimu mmoja anachukua wanafunzi wangapi? Wakijibu kwa kuzungukazunguka, vuka upande wa pili wa barabara. Shule zimepangana pale, hutakosa.

Mama yangu swali lake lilikuwa papa. Haki yake, ghuba hii ilisifika duniani kwa papa weupe. Tangu 2004 kuna watu wanaokaa mlimani na darubini, mpango unaoitwa Shark Spotters, wakitazama maji mchana. Bendera ya kijani ina maana wanaona vizuri na hakuna papa. Nyeusi, hawaoni vizuri. Nyekundu ni tahadhari. Nyeupe yenye picha ya papa, pamoja na king'ora, ina maana toka majini sasa hivi. Mimi nilikuta kijani na nyeusi tu. Wenyeji watakwambia papa weupe wamekuwa adimu sana kwenye ghuba hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 2010, na wengi wanawataja nyangumi wauaji wawili, Port na Starboard, ambao pezi la mgongoni la mmoja limelalia kushoto na la mwenzake kulia, wanaowawinda papa na kula maini yao. Mama hakufarijika na habari hiyo.

Kuna jambo lingine ambalo vipeperushi vya utalii havigusi. Muizenberg ni mahali pa zamani pa mchezo huu. Picha za 1919 zinamwonyesha mwanamke, Heather Price, akiwa juu ya ubao. Lakini kwa miaka mingi ya ubaguzi wa rangi ufuo huu ulikuwa wa wazungu tu, na fukwe zilifunguliwa kwa wote mwaka 1989. Yaani mimi nilikuwa sijazaliwa, ila mama mwenye nyumba tuliyopanga anakumbuka. Leo watoto weusi wa vitongoji vya karibu wamejaa majini, wengine kupitia shirika la Waves for Change linalotumia mawimbi kuwasaidia watoto waliopitia magumu, na wanateleza kwa madaha ambayo yalinifanya nisogee pembeni niwapishe.

Na Kiswahili kipo! Anayelinda magari pale maegesho alikuwa Mkongo wa Bukavu. Alitusikia tukibishana kuhusu funguo, akacheka. "Ee mama, maji ya huku iko baridi, si ya kuchezea." Kutoka siku hiyo tulikuwa tunapita kumsalimia kabla ya kuingia, na ndiye aliyetuelekeza wapi pa kula kwa bei ya kawaida badala ya mikahawa inayotazama bahari.

Kama unasafiri na mtu asiyetaka ubao, usimlazimishe. Kituo kinachofuata cha treni, St James, kina bwawa lililojengwa baharini, maji yametulia, watoto wanaogelea bila wasiwasi. Ukiendelea kidogo unafika Kalk Bay, bandari ndogo ya wavuvi. Chipsi samaki wa pale walitushibisha mpaka tukaghairi chakula cha jioni.

Muda wa kwenda: kiangazi chao, Desemba mpaka Machi, maji yana uvuguvugu kidogo, lakini upepo wa kusini-mashariki unavuma kutoka baharini na mchana bahari inachafuka. Amka mapema, saa moja asubuhi uwe majini, saa nne utoke. Desemba kuna likizo za shule, foleni ya mawimbi inakuwa ndefu, kwa hiyo mimi ningechagua Machi. Misuko ndefu ifunge juu, ikilowa ina uzito na upepo wa pale ukiipiga kichwa kinauma. Pakaa mafuta mazito ya kulainisha shingoni na kwapani, suti inachubua. Na mbavu zitakuuma siku inayofuata kwa kulalia ubao, acha hiyo siku iwe ya Kalk Bay.