Glorenza: mji mzima ndani ya ukuta

Ukifika kaskazini mwa Italia na una nafasi ya mji mmoja tu wa milimani, nenda Glorenza. Wenyeji, ambao wengi wao huzungumza Kijerumani, huuita Glurns. Uko kwenye bonde la Venosta, karibu na mpaka wa Uswisi, na wakazi wake hawafiki elfu moja. Hata hivyo ukuta umeuzunguka wote, na mpaka leo watu huingia kwa malango yale yale matatu.

Usikimbilie ndani. Mimi nilianza nje, nikaufuata ukuta kwa miguu, na hapo ndipo nilipoelewa ninachokitazama: mawe manene, minara ya mviringo yenye mapaa yaliyochongoka, na nyuma yake milima yenye theluji. Mwaka 1499 jeshi la Graubünden, eneo ambalo leo ni sehemu ya Uswisi, liliwashinda askari wa Maximilian wa Kwanza, mfalme aliyetawala pia Austria, hapo jirani, Calven, kisha likauchoma mji. Boma unaloliona leo ni jibu la kipigo kile, na ujenzi wake uliendelea miaka mingi baada ya Maximilian kufariki.

Ndani, kilichonishika zaidi ni ile njia yenye matao. Ni mafupi mno, mtu mrefu lazima ainame, kwa sababu mafuriko yaliyoleta udongo yaliinua ardhi. Juu yake watu wanaishi. Nguo zimeanikwa, watoto wanatoka shule. Hicho ndicho ninachokipenda hapa, mji haujageuzwa makumbusho.

Halafu kuna ile kesi ya mwaka 1520. Wakulima wa Stelvio, kijiji cha jirani, waliwashtaki panya wa shambani hapa Glorenza kwa kuharibu mazao. Panya wakapewa wakili! Wakaamriwa wahame, ila wenye mimba na wachanga wakaongezewa siku 14. Nimeisimulia kwa kila mtu tangu nirudi.

Treni kutoka mji wa Merano hadi Malles, mji ulio jirani na Glorenza, ni nzuri, inapita katikati ya mashamba ya matofaa, na kutoka Malles kuna basi, au unateremka kwa miguu. Mchana maduka mengi hufungwa, kwa hiyo nunua mapema mkate wa peasi kavu. Nyota tano kwangu. Ukiwa na siku nzima, ongeza ngome ya Castel Coira iliyoko Sluderno, yenye mavazi ya chuma ya vita, lakini usiende majira ya baridi kwani hufungwa.