Mashine ya presha ya mkono wa juu kwa mwenye mapigo yanayorukaruka

Mgonjwa wa moyo akiingia duka la dawa hapa Mwanza atawekewa mezani vifaa vitatu: mashine ya presha ya mkono wa juu, ile ndogo ya kifundo cha mkono, na kidude cha kubana kidole. Chukua ya kwanza. Ya kifundo hudanganya mkono ukishuka tu chini ya usawa wa moyo, na ya kidoleni haipimi presha.

Tunayoijadili ni ya kampuni ya Omron, ya mkono wa juu, yenye alama ya mapigo yasiyo na mpangilio. Alama hiyo hutokea mapigo yakipishana kwa zaidi ya asilimia 25 na wastani wa wakati ule wa kupima. Basi. Haisemi ni ugonjwa gani. Ukiongea au ukitikisa mkono, inaweza kutokea pia. Jina la tatizo hutolewa na kipimo cha umeme wa moyo (ECG).

Wanunuzi wengi hulalamika kuwa "mashine mbovu, kila mara inaleta namba yake." Mara nyingi ni nzima. Kwenye fibrilesheni ya atria, yaani vyumba vya juu vya moyo vikitetemeka bila mpangilio, kila pigo husukuma damu kwa kiasi tofauti, kwa hiyo presha ya juu ya 150 inaweza kufuatiwa na 128. Pima mara tatu, ukipumzika dakika moja katikati, kisha andika wastani. Namba ya mapigo ndiyo ya kuitazama kwa shaka zaidi: mashine huhesabu yanayofika mkononi, na moyo ukienda mbio mapigo mepesi hayafiki. Kioo kinaweza kusema 88 huku kifuani ni 120. Ukihema bila sababu, usijifariji na 88.

Mkanda ndio unaoharibu vipimo vingi. Pima mkono kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. Mkanda wa sentimita 22 hadi 32 ukifungwa kwenye mkono wa sentimita 36 utakupa presha kubwa isiyo yako, kwa hiyo dai mkubwa kabla hujalipa. Aliyewekewa betri ya moyo (pacemaker) anaweza kuitumia mashine hii. Apimie mkono wa upande usio na betri, hasa kidonda kikiwa kibichi.

Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani. Anayepanda mawe ya Mabatini na ndoo kichwani asipime akifika tu mlangoni.

Kinachotuudhi si mashine bali kupima mara kumi kwa siku. Alama inaleta hofu, hofu inapandisha mapigo, mtu anapima tena, na usingizi unapotea. Asubuhi kabla ya dawa na jioni inatosha, isipokuwa daktari amepanga vingine. Kuzimia, kifua kubana au mdomo kwenda upande si mambo ya kupimia: nenda hospitali.

Kwa kazi ya kupima presha nyumbani, mashine hii tunaipa alama nne kwa tano. Moja tumeikata kwa sababu kumbukumbu yake huweka namba tu, haijui siku uliyoruka dawa, kwa hiyo daftari bado linahitajika. Anayekuja kliniki kutoka Ukerewe abebe vyote viwili, mashine ilinganishwe na ya hospitali kwenye mkono uleule.