Kibodi moja kwa kompyuta, kishikwambi na simu: ipi ununue

Lalamiko ninalolisikia mara kwa mara kutoka kwa wasomaji walionunua kibodi isiyo na waya linahusu kompyuta inayowashwa, ikaleta kioo kitupu kinachoomba namba ya siri ya diski, huku kibodi mpya, iliyosifiwa kwamba inahudumia vifaa vitatu, ikigoma kuandika hata tarakimu moja. Mnunuzi hudhani ameuziwa kitu kibovu, akairudisha dukani, akapewa nyingine ya aina ileile, na mambo yakawa yaleyale. Kwa kuwa hakuna boksi linaloitaja kasoro hii, nimeamua kuifanya kipimo kikuu cha mwongozo huu. Habari za rangi, mlio wa vitufe na unene wa kibodi zimekwisha kuandikwa vya kutosha.

Kibodi ya Bluetooth huoanishwa, yaani hutambulishwa na kuunganishwa, na mfumo endeshi. Ufunguo wa siri unaoziunganisha huhifadhiwa na Windows, Linux au Android, na katika kompyuta nyingi za Windows hakuna kinachoishughulikia Bluetooth hadi mfumo huo uwe umekwisha kuwaka. Hivyo, unapotaka kuingia katika mipangilio ya BIOS, ile programu ya msingi inayotangulia mfumo endeshi, kuandika namba ya BitLocker, kufuli la diski la Windows, au kuchagua mfumo wa kuwasha, kibodi yako huwa haijulikani kabisa. Kipokezi kidogo cha USB hufanya kazi kwa njia nyingine: kibodi huoana na kipokezi, nacho hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi ya kawaida ya waya, kwa hiyo unaweza kuandika tangu mwanzo. Tofauti hiyo inamgusa pia mwenye kompyuta yenye mifumo miwili, kwa sababu kwa njia ya Bluetooth kila mfumo hudai kuoanishwa peke yake, na nafasi mbili kati ya tatu za kukumbuka vifaa ulizolipia zinamezwa na mashine moja, ilhali kwa kipokezi nafasi moja inatosha.

Kwa kipimo hicho, ninaiweka ya kwanza MX Keys S ya Logitech, na sifichi kwamba kampuni hii naipendelea. Huuzwa pamoja na kipokezi kinachoitwa Logi Bolt, na kila moja kati ya nafasi zake tatu inaweza kutumia kipokezi au Bluetooth, upendavyo. Mimi ningeipa kompyuta kuu nafasi ya kwanza kwa kipokezi, kisha kishikwambi na simu zipate mbili zilizobaki kwa Bluetooth. Vitufe vya kubadilisha kifaa vinajitegemea, viko upande wa juu karibu na vitufe vya namba, na kila kimoja kina taa yake ndogo, kwa hiyo unabonyeza mara moja na unaona umehamia wapi. Vitufe vilivyo kando ya upau wa nafasi vimeandikwa majina ya Windows na ya Mac kwa pamoja, na kibodi hujirekebisha yenyewe kulingana na kifaa inachokihudumia. Mtengenezaji anasema chaji hudumu siku 10 taa za vitufe zikiwaka, na hadi miezi 5 zikiwa zimezimwa. Jambo moja wengi hawalijui: waya wake wa USB-C ni wa chaji tu na haupitishi maandishi, kwa hiyo ukikipoteza kipokezi usitegemee kwamba waya utakuokoa wakati wa kuwasha kompyuta. Ndugu yake mdogo, MX Keys Mini, hukielewa kipokezi hichohicho lakini huuzwa bila hicho kipokezi.

Ya pili ni Keychron K2, ambayo huoanishwa na vifaa vitatu kwa Bluetooth, na waya wake, tofauti na ule wa MX Keys S, huigeuza kuwa kibodi kamili ya waya inayokubalika hata ndani ya BIOS. Toleo la K2 Max limeongezewa kipokezi cha mawimbi ya 2.4 GHz. Kinachoishusha daraja ni ile swichi ya ubavuni ya kuchagua kati ya Mac na Windows: hubadilishwa kwa mkono, na mtu anayehama kati ya mifumo hiyo miwili mara nyingi kwa siku ataisahau, kisha atashangaa kwa nini njia zake za mkato zinafungua mambo asiyoyataka. Kubadilisha kifaa nako kunahitaji kitufe cha Fn pamoja na namba.

Ya tatu ni Pebble Keys 2 ya Logitech, ambayo pia hujulikana kama K380s, kwa sharti kwamba unanunua kipokezi cha Bolt kando. K380 ya zamani hutumia Bluetooth pekee. Inamfaa mwenye kishikwambi na simu, basi. Magic Keyboard ya Apple haimo katika orodha hii kwa kuwa haina kitufe cha kuhama kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Zile za bei ya chini zisizo na jina, kama boksi halitaji kipokezi, ziache.

Sasa niseme kuhusu wauzaji. Muuzaji akiombwa aijaribu kibodi, huioanisha na simu yake mwenyewe, akaandika maneno mawili, akatangaza kwamba inafanya kazi. Jaribio hilo halithibitishi lolote kati ya niliyoyaeleza. Wengine hukitoa kipokezi ndani ya boksi, wakakiuza peke yake, na kibodi ikabaki na bei ileile. Wengine hukupa kipokezi chochote chenye jina la Logitech, ingawa kile cha Unifying, chenye alama ya rangi ya chungwa, hakielewani hata kidogo na kibodi ya Bolt. Inauma zaidi kwamba kampuni ninayoipenda hukiuza kando kitu ambacho kingepaswa kuwamo katika kila boksi.

Kabla ya kulipa, omba kompyuta iliyozimwa kabisa, chomeka kipokezi, hakikisha nafasi iliyochaguliwa ni ya kipokezi hicho, iwashe, kisha bonyeza kitufe kinachofungua BIOS, ambacho katika mashine nyingi ni F2 au Delete. Kwa MX Keys S, ikiwa ni F2, shikilia Fn kwa pamoja, kwa sababu safu yake ya juu hutoka kiwandani ikiwa imepewa kazi za sauti na mwanga.