MacBook Air M1 ya mtumba kwa kurekodi kwaya mikoani, nimekaa nayo miezi nane

Kazi yangu kubwa ni kurekodi kwaya, na kwaya haikufuati Dar, unaifuata wewe. Mpwapwa, Kondoa, Singida huko, unalala gesti, mnaanza kurekodi kanisani saa tatu usiku bodaboda zikishapungua, na asubuhi unamiksi palepale kitandani maana mwenyekiti wa kwaya lazima asikie kitu kabla hujapanda basi. Studio nina kompyuta ya mezani, haina neno. Kilichokuwa kinanisumbua ni laptopu ya safari.

Miaka mitatu nimetembea na ThinkPad T480 na siwezi kuisema vibaya, ile mashine ni punda. Betri mbili, moja ya ndani na nyingine unachomoa kwa chini, unabadilisha bila hata kuzima, RAM unaongeza mwenyewe na bisibisi, chai nimeshaimwagia na ikaendelea na kazi. Ila ina feni. Dukani feni huisikii kabisa. Sasa nenda kanisani saa tano usiku, maiki kondensa, zile zinazonasa hata pumzi, zote ziko juu, sauti ya pili wamevuta pumzi wanasubiri kuingia, ndo utaisikia: vuuuuu. Nimerudi gesti nimefungua trak, kila penye kimya kuna mvumo, nikiukata kwa EQ (ile ya kupunguza na kuongeza besi na treble) unaondoka na pumzi za waimbaji, kwaya nzima inasikika kama imefunikwa na ndoo. Mwishowe nikawa naificha ofisini kwa mchungaji na waya wa mita tano, nabonyeza rekodi halafu natoka mbio kwenda kuwapa ishara waanze, wakikosea narudi tena mbio. Mtu mzima mwenye kitambi.

Air M1 haina feni. Sio kwamba ina feni ya kimya, haina kabisa, kwa hiyo naiweka benchi la mbele karibu na maiki na hakuna kinachoingia. Kwangu hiyo peke yake ilitosha kutoa hela.

Betri sasa. Wenyewe Apple walipoitoa 2020 walisema saa 15 za kuperuzi na 18 za video. Mimi saundikadi yangu ndogo, kile kiboksi cha kuchomekea maiki, inanyonya umeme humohumo kwenye laptopu, plagini (vile viprogramu vya kunyoosha sauti) zinatembea, mwanga wa kioo uko juu, napata kama saba hivi na sina cha kulalamika. Mpwapwa umeme ulikata saa nne usiku tukaendelea, wanakwaya wakamulika daftari kwa tochi za simu, na solo ya usiku ule ndo imebaki kwenye albamu. Kingine, T480 yangu ukiichomoa kwenye chaji ilikuwa inajipunguza nguvu, sauti inaanza kukatakata, hii hata haijui kama umeichomoa.

Haya, kero zake. Yangu ni ile ya chini kabisa, RAM giga 8 na diski giga 256, na vyote vimegandishwa kwenye bodi, ulichonunua ndo utakachozikwa nacho. Piga hesabu: trak moja ya mono, yaani sauti ya maiki moja, kwa ubora wa biti 24 na 48 kHz, inakula karibu MB 9 kwa dakika. Wimbo wa kwaya wa dakika sita wenye trak 40 ni giga 2 na kitu, hapo bado marudio, na kwaya ikirekodi mara moja ikapatia nitafunga kushukuru. Albamu mbili tu diski inalia imejaa. Kwa hiyo natembea na SSD ya nje. Na matundu ni mawili tu, yote upande wa kushoto, saundikadi moja, SSD moja, chaji uichomeke wapi? Nikanunua habu, kile kidude cha kuongeza matundu, ya bei ya nyanya, ikapata moto, SSD ikajichomoa yenyewe katikati ya ubeti wa tatu. Habu nzuri ihesabu kwenye bei ya laptopu kabisa, usije kujifanya mjanja kama mimi.

RAM giga 8 kwa kurekodi inatosha, kwa kumiksi inatosha ukiwa na adabu, vinanda vizito vya kwenye programu nikishamaliza navigeuza faili la sauti la kawaida naendelea. Ila ukiwa unatoa faili la mwisho la kazi ndefu mchana wa Dodoma inachemka na inapunguza mwendo, feni si haina bwana. Naiweka chini kwenye marumaru.

Programu: narekodia Reaper, siku 60 za kujaribu bure halafu leseni ndogo ni dola 60. Watu wa kutengeneza midundo, FL Studio iko kwa Mac tangu 2018 na leseni yako ya Windows inafanya kazi kotekote. Zile plagini zako za kraki za Windows ndo zitabaki hukohuko, usiniulize.

Na kwenye kununua fungua macho. Ya kwanza niliipata duka moja Kariakoo, safi haina mkwaruzo, nikafika nayo nyumbani nikaifuta ianze upya, ikaunganishwa na intaneti tu ikasema ni mali ya kampuni fulani huko nje na inasimamiwa kwa mbali. Kuirudisha nilizungushwa wiki mbili. Kwa hiyo ifuteni mbele ya muuzaji, iunganishe na hotspot ya simu yako, ifike mpaka mwisho ndo utoe hela. Angalia na mizunguko ya betri, yaani imeshatumika na kuchajiwa upya mara ngapi, imetengenezwa kwa 1000, yangu niliikuta 212.

Hii ya pili nimeinunua kwa mtu, milioni moja na laki tatu, bei ambayo T480 unapata mbili na nauli inabaki. Kama wewe unatengeneza midundo tu chumbani na husogezi maiki popote, chukua T480, hela nyingine nunua hedifoni ya maana. T480 yangu sijaiuza. Wiki ijayo nina kwaya Kondoa na inakuja, inakaa ofisini kwa mchungaji inapokea bakapu na kuvuma inavyotaka.