Sanduku la hisa la makufuli matatu: la fundi ni zuri, ila likagueni kabla ya kulipa

Kikundi cha hisa, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana, cha watu 25 au 30 huku Mufindi, Makambako na Njombe kina njia mbili za kupata sanduku la makufuli matatu, kila ufunguo ukishikwa na mtu wake: kuongeza komeo mbili kwenye tranka la bati la wanafunzi, au kuagiza la shiti ya chuma kwa fundi wa kuchomelea. Tranka tuliache. Bati lake jepesi, mfuniko unapinda. Fungeni kufuli la katikati peke yake mwone pembe inavyonyanyuka hadi noti ya elfu kumi ikavutwa kwa kijiti. Makufuli matatu hapo ni mapambo tu.

La fundi lenye urefu wa sentimita 45, upana 30 na kina 20 linatosha vitabu vya hisa 30, muhuri na pedi yake, rula, kikokotoo, bakuli za kuhesabia, na vifuko viwili vya kitambaa: cha mikopo na cha mfuko wa jamii. Agizeni shiti ya milimita 1.5. Likiwa tupu litakuwa na kilo 7 hivi, na mama mtunza sanduku atalifunga mgongoni kwa khanga bila taabu. Ya milimita 1.2 inapunguza kilo moja na ushee, ila mfuniko huanza kucheza. Fundi akijibu "nzito tu", msikubali. Awaonyeshe ukingo wa shiti kabla hajakata.

Kasoro kubwa iko nyuma, ambako watu hawaangalii. Masanduku mengi yana bawaba mbili za nje, na pini yake inagongwa kwa msumari ikatoka, makufuli yote yakiwa yamefungwa mbele. Pini ichomelewe ncha zote mbili. Komeo nazo zichomelewe. Zilizofungwa kwa nati upande wa nje hufunguliwa kwa spana namba 10. Mfuniko uwe na mdomo wa sentimita 2 au 3 unaoshuka nje ya ukuta, maana bodaboda haingoji mvua ikatike.

Kisha kutu. Mufindi ukungu haukauki, na fundi mwenye haraka hupaka rangi juu ya maganda ya kuchomelea bila kuyagonga, kisha ndani hapaki kabisa. Msimu mmoja wa mvua unatosha: maungio yanatoka wekundu, na vitabu vya chini vinapata madoa mpaka mihuri ya hisa haisomeki. Hapo ugomvi wa siku ya mgao wa akiba umeshaanza. Dai msasa, rangi ya kuzuia kutu ndani na nje, ndipo rangi ya juu.

Makufuli msimwachie fundi awanunulie. Ya bei rahisi kutoka katoni moja mara nyingi hufunguka kwa ufunguo mmoja. Nunueni ya aina tatu tofauti, na pale pale dukani jaribuni kila ufunguo kwenye makufuli mengine mawili. Kila kufuli huja na funguo za akiba, na hizo ndizo hubaki mfukoni mwa katibu "kwa muda". Zitiwe kwenye bahasha, isainiwe mbele ya wanachama wote, ikatunzwe nje ya kikundi. Washika funguo watatu wasiwe viongozi, wala wasitoke nyumba moja. Mtunza sanduku asishike ufunguo wowote. Mshika ufunguo akienda msibani, amtume mtu wa kwake aulete moja kwa moja mkutanoni, si kwa mwenyekiti.

Utaratibu huu wa makufuli matatu unatokana na vikundi vya wanawake vilivyoanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na umejengwa juu ya jambo moja: fedha ikusanywe na kukopeshwa mkutano ule ule, sanduku lirudi nyumbani karibu tupu. Kwa kazi hiyo tunalipatia sanduku la fundi alama nne kati ya tano. Miezi ya mwisho ya mzunguko, kabla ya mgao, ni habari nyingine. Mikopo imesimamishwa, marejesho yanaingia, na mamilioni yanalala chini ya kitanda cha mtu ambaye mtaa mzima unamjua. Shiti ya milimita 1.5 haizuii gurudumu la kukatia chuma. Fungueni akaunti ya kikundi mapema, yenye watia saini watatu; cheti cha usajili wa kikundi kutoka halmashauri mtaulizwa benki.

Pedi ya wino ihifadhiwe kwenye mfuko wa nailoni, isilale juu ya vitabu.