Helmeti ya MIPS ya kukimbilia resi za baiskeli: nimeipenda, ila usiiamini kupita kiasi
Hii helmeti nimeivaa tangu msimu uanze, mazoezi na resi za wikendi, sasa naweza kuiongelea. Brandi siitaji maana ninachosifia kiko kwa nyingi: kibandiko cha EN 1078 ndani (kipimo cha Ulaya cha usalama wa helmeti za baiskeli), na ile ganda ya njano ya MIPS inayoteleza kidogo ukigonga lami kwa upande, ili kichwa kisizungushwe kwa ghafla. Ukikaza kile kigurudumu cha kisogoni inatulia kabisa, upepo unapita poa. Kero ni mikanda, jasho likikauka inakakamaa kwa chumvi na ile klipu inafinya ngozi ya kidevu mpaka unatukana.

Sasa wanaouliza kama sheria ya kulazimisha helmeti imefanya resi ziwe salama, mimi nasema imesaidia, ila nusu. Mapro wenyewe waliikataa, 1991 pale Paris-Nice, resi ya Ufaransa, wakagoma na UCI, shirikisho la dunia la baiskeli, ikalegeza, mpaka 2003 mwendeshaji Andrey Kivilev akaanguka Paris-Nice hiyohiyo bila helmeti akafariki, ndio Mei ikawa lazima, na bado mwanzoni waliruhusiwa kuivua kwa mlima wa mwisho. Siku hizi hakuna hata anayelalamika. Lakini mwendeshaji Wouter Weylandt alikuwa ameivaa, Giro ya 2011, ile resi ya Italia, na mteremko ukamuua tu.

Ukitaka kujua kwa nini, angalia hicho kibandiko kinapima nini. Helmeti inaangushwa kutoka kama mita moja na nusu, yaani inagonga kwa karibu kilomita 20 kwa saa. Wewe unashuka mteremko wa Kona Baridi na sabini! Halafu lile povu gumu la ndani likishapondeka limekwisha kazi, haliinuki tena.

Ndio maana resi zetu zinaniudhi, marshal, yaani msimamizi wa resi, anaangalia tu kama una kitu kichwani. Kuna jamaa alipanga laini na helmeti ya mtumba yenye ufa, imezungushwa seloteji, akapita vizuri tu, hata hakuulizwa. Hiyo sheria ni ya picha jameni.

Kama mfuko haujakaa vizuri chukua mpya isiyo na MIPS, achana na ya mtumba yenye jina kubwa, hujui ilishaanguka na nani. Pima kichwa na futi ya fundi nguo kabla uende dukani, mimi niko sentimita 58 na M imenikaa fiti, wenye rasta jaribuni L.